Mpaka wa Minyaa

Watu husema mapenzi ni kipofu. Ya Mwantum binti Mshamu yalikuwa na jicho, tena jicho lenyewe liko huko juu mbinguni. Kila baada ya mwezi na siku kidogo, chombo kile walichokiita setilaiti kilipita juu ya kilima cha Kingwira, na kila kilipokaribia kupita, Saidy Bushiri alishuka kwenye basi pale Kibiti, akapanda kilima na begi mgongoni kuja kukagua mabati. Setilaiti ikipita, Saidy anapita. Mwantum hakujua kusoma ramani, lakini tarehe hizo alizijua kuliko alivyoijua Idi.

Mabati yenyewe yalikuwa mawili, yamekunjwa pembe tatu na kufungwa juu ya nguzo za saruji katika shamba la mikorosho la baba yake. Moja lilisimama upande wa kisimani, moja upande wa barabarani. Mradi wa barabara ndio uliyaweka, maana wahandisi walitaka kujua kilima kipi kinatembea na kipi kimetulia kabla ya kumwaga lami yao. Mwantum alipewa kazi ya kuyafuta majani na vinyesi vya ndege, na kumfukuza kila aliyetaka kuanika khanga juu yake. Kwa kazi hiyo alipata posho ndogo na mchumba mkubwa.

Mchana ule alikuwa akilisugua bati la kisimani alipomwona Saidy anapanda. Siku zote Saidy huanza kucheka tangu yuko kule chini kwenye migomba. Siku ile alikuja kaufunga uso, na mkononi alishika bomba la plastiki kwa namna mtu anavyoshika kitu asichotaka kukifungua.

"Mbona umenuna?" Mwantum alimwuliza. "Nimelisugua mpaka najiona meno."

"Liache hilo. Njoo kivulini."

"Salamu huna siku hizi?"

"Hujambo, Mwantum."

"Sijambo. Haya sema, usije ukaniua kwa kihoro bure."

Saidy alichuchumaa chini ya mkorosho, akafungua bomba, akatoa picha kubwa ya rangi na kuikandamiza kwa mawe pembeni. Hiyo ndiyo picha waliyokuwa wakiisubiri watu wa nyumba mbili, na alasiri hiyo hiyo ilikuwa ifunguliwe mbele ya wazee.

Maana ugomvi ulikuwepo, tena ugomvi wa kizee. Shamba la Mzee Mshamu, baba yake Mwantum, liko juu, na la Mzee Bushiri, baba yake Saidy, liko chini yake. Katikati, kutoka kisimani mpaka barabarani, umepita ua wa minyaa uliopandwa na babu zao. Mwantum akiwa darasa la tano, Mzee Bushiri alitoka safarini akakuta ua umeshuka ndani ya shamba lake, na mikorosho yake mitatu ya upande wa barabarani imebaki ng'ambo kwa jirani. Akasema mwizi. Tangu siku hiyo wazee wale hawakupeana mkono, si msikitini, si msibani. Korosho za ile mikorosho mitatu hakuna aliyeziokota isipokuwa tumbili. Na hata bei ya korosho ilipopanda, wanunuzi binafsi wakapigana vikumbo Kibiti nzima na mizani zao, Mzee Mshamu hakuzigusa. Alisema si zake, wala si za huyo aliyemwibia jina lake kwa kumwita mwizi.

Basi katika familia kama hizo ndimo Saidy na Mwantum walimochagua kupendana. Ama kweli moyo hauna adabu! Mzee Abdalah, mwalimu wa madrasa, ndiye aliyekubali kuwa mshenga wakati wengine wote walikimbia. Alizunguka nyumba hizi mbili mpaka kandambili zikakatika, na mwisho akawapata wazee kwa neno moja: picha ya kutoka angani iamue. Mzee Bushiri alisema, "Ikinisuta, posa nitaipeleka mwenyewe kwa mkono wangu." Mzee Mshamu akajibu, "Ikinisafisha, binti yangu nitamtoa. Isiponisafisha, wasitajane tena."

"Niambie," Mwantum alisema. "Nisomee."

Saidy aliweka kidole kwenye rangi nyekundu. "Hapa ndipo tulipokaa, kisimani. Setilaiti hutuma mawimbi ya rada, yakagonga bati, yakarudi. Ikipita tena inapima kama bati liko palepale. Hili halipo palepale. Upande huu wote unashuka, Mwantum. Polepole, kwa jicho huwezi kuona. Mwaka wa kawaida kama upana wa kiganja. Mwaka ule wa mvua za Elinino, karibu hatua nzima. Na picha za zamani, za kabla ya mabati, zinaonyesha hivyo hivyo."

"Unashuka na nini?"

"Na kila kitu. Mikorosho, kisima, minyaa. Na nyumba yenu."

Mwantum hakuisikia ile ya nyumba. Alisikia minyaa tu. Aliruka, akamshika mikono yote miwili. "Kwa hiyo ua umeshuka wenyewe! Hakuna aliyeuhamisha! Saidy, baba yangu si mwizi! Mbona sasa umekaa kama umefiwa?"

Mikono ya Saidy ilikuwa baridi, haikumshika.

"Tazama na huku," alisema. "Huku ni barabarani. Unaona rangi?"

"Kijani."

"Kijani ni mahali palipotulia. Bati la huku halijasogea hata unene wa ukucha. Ardhi hii haijatembea kabisa. Lakini ua umeshuka huku vilevile, na mikorosho mitatu ya baba iko kwenu. Ardhi haikwenda, minyaa ikaenda. Na minyaa haina miguu."

Mwantum alimwachia mikono.

"Unataka kusema nini?"

"Sitaki kusema kitu. Nakwambia ilivyo. Huku pana mkono wa mtu."

"Nani mwingine kaiona?"

"Bwana Evaristo, mkuu wetu wa kazi. Lakini yeye wa Songea, habari za minyaa yetu hazijui. Yeye kanituma niwaambie mhame nyumba kabla ya masika."

"Basi sema nusu." Alisema haraka, kabla hajaogopa. "Saidy, nakuomba. Waonyeshe huku kwenye nyekundu, wazee wafurahi, fatiha isomwe. Hii ya kijani ikunje."

"Baba yangu utamfichia kijani? Ataniuliza kabla sijameza mate."

"Mwambie hujui! Kwani ni lazima ujue kila kitu?"

"Na nyumba yenu?" Saidy alipandisha sauti, kisha akaishusha. "Nimlaghai mzee kwa picha hii hii, halafu kwa picha hii hii nimwambie ahame nyumba aliyoijenga mwenyewe? Siku atakapojua nimekata nusu, ataamini nini tena? Wewe unalala ndani ya nyekundu, Mwantum. Mimi nikirudi Dar silali. Mvua ikinyesha nakaa kitandani nawaza ukuta wa chumba chako."

Siku nyingine neno hilo lingemyeyusha Mwantum papo hapo. Siku ile lilimtia hasira, maana lilikuwa tamu na halikuwa na msaada.

"Wewe unajua baba yangu aliapaje?" alimwuliza.

"Aliapa msikitini kwamba hakuugusa. Nilikuwa shuleni, bweni, lakini nyumbani nilisimuliwa."

"Hukusimuliwa yote. Nilikuwa nje ya msikiti na wenzangu, nilisikia kwa masikio yangu. Alisema, 'Kama kuna mkono wa nyumba yangu uliougusa mpaka huu, Habiba si mke wangu.'"

Habiba ni mama yake Mwantum.

"Sasa nenda," Mwantum alisema, na machozi yalianza kumtoka bila ruhusa yake. "Nenda kwenye baraza ukaseme huku pana mkono wa mtu. Utakuwa umemwachisha mama yangu mbele za watu, halafu unipose mimi. Hiyo ndoa utailalia vipi?"

"Sikujua, Mwantum. Wallahi sikujua."

"Sasa umejua."

Aliokota kitambaa chake akaondoka, na hakugeuka nyuma, ingawa kila hatua alitamani aitwe.

Bi Habiba alikuwa jikoni, kakalia mbuzi anakuna nazi ya wageni. Kamba wa Salale walikwisha menywa, wamo bakulini. Mwantum alisimama mlangoni akamweleza mambo yote kwa pumzi moja, nyekundu na kijani, kisima na barabara. Alipofika kwenye mkono wa mtu, nazi iliacha kukunwa.

"Funga mlango," Bi Habiba alisema.

Mlango wa jikoni kwao haukufungika. Kila mwaka Mzee Mshamu aliukwangua kwa randa, na kila mwaka fremu ilipinda upya. Mwantum aliusukuma kwa mgongo, akaegemea.

"Ni mimi," mama yake alisema.

"Mama!"

"Punguza sauti. Ni mimi. Baba yako alikuwa delta, Salale, kwenye mikoko, anakata boriti za kuiezeka upya nyumba hii hii. Nikaenda kisimani asubuhi, nikautazama ua, nikaona umevunjika katikati kama kiwiko. Upande wa kisimani uko chini, upande wa barabarani uko juu. Nikajua Bushiri katuibia kule barabarani, kausukuma ua juu kwetu. Ningefanya nini? Ningempigia kelele, baba yako arudi na panga? Nikasema nitaurudisha kimyakimya, yaishe. Nikafunga kamba kisimani, nikaivuta mpaka barabarani, nikang'oa, nikapanda upya kwa mstari. Utomvu ulinichoma macho siku nzima, watu wakiuliza nasema moshi. Na nilikuwa na furaha, mwanangu. Nilidhani nimeepusha vita."

"Mbona hukumwambia baba?"

"Nimwambie saa ngapi? Bushiri naye alikuwa kasafiri. Aliporudi akautazama ua, akatangaza wizi siku hiyo hiyo. Ijumaa yake ndiyo baba yako akatua kutoka delta. Alishukia msikitini, hata nyumbani hakupita. Aliapa na matope ya mikoko miguuni. Habari iliponifikia hapa jikoni, mimi nilishaachika."

"Hujaachika, mama. Baba hakujua."

"Umesomea wapi hayo?" Bi Habiba alicheka kidogo, kicheko kisicho na raha. "Mimi sijui. Ningemwuliza nani? Kumwuliza Mwalimu Abdalah ni sawa na kukiri. Basi nimekaa. Nampikia, nazaa naye wadogo zako, na kila usiku nikizima taa najiuliza, Habiba, umelala na mume au umelala na mtu?"

Mwantum alipiga magoti palepale kwenye machicha ya nazi, akamkumbatia. Alikuwa amekua na mama huyu miaka yote, akimwona anafunga Jumatatu na Alhamisi, akidhani ni ucha Mungu tu.

"Nimemwambia Saidy aseme nusu," alimnong'oneza.

"Na akikataa?"

"Akikataa simtaki."

"Mwongo wewe," mama yake alisema kwa upole, akamfuta machozi kwa mkono wenye harufu ya nazi. "Unamtaka mpaka unanuka."

"Sitaki mume wa kununuliwa kwa talaka yako, mama."

Bi Habiba alirudi kwenye nazi yake.

Alasiri ilipoisha kuswaliwa, walikaa barazani. Mzee Abdalah alikaa kati. Mzee Mshamu alivaa kanzu yake ya Idi. Mzee Bushiri alikaa pembeni kabisa mwa mkeka, nusu ya matako nje, ili ajulikane hakuja kukaa. Wanawake walikuwa ndani, nyuma ya pazia la mlango, na Mwantum kamshika mama yake kifundo cha mkono kwa nguvu zote alizokuwa nazo.

Saidy alitandaza picha. Sauti yake ilikuwa kavu lakini ilieleza vizuri. Aliwaonyesha nyekundu, akawaeleza jinsi upande wa kisimani unavyoshuka na kila kilicho juu yake. Mzee Abdalah alivua miwani, akaivaa tena, akasema, "Subhanallah, ardhi inatembea na sisi tumekaa juu yake tunagombana!"

Mzee Mshamu alitazama picha, kisha akamtazama Mzee Bushiri kwa mara ya kwanza tangu wakae. Nyuma ya pazia Mwantum alihisi kifua kinafunguka. Huenda wataishia hapo. Ya Rabi, waishie hapo!

"Nimekubali," Mzee Bushiri alisema polepole. "Upande wa kisimani nilimsingizia mtu. Astaghfirullah. Lakini mikorosho yangu haiko kisimani. Iko barabarani. Huko nako kunatembea?"

Kuku alipita katikati ya mkeka, hakuna aliyemfukuza.

"Saidy. Nakuuliza wewe."

"Baba, hapo naomba radhi. Hapo sisemi."

"Hujui?"

"Najua. Sisemi."

"Si picha hii hapa? Picha yako mwenyewe? Au ukishaonja binti wa mtu na macho nayo huwa yanafumba?"

"Bushiri!" Mzee Abdalah alimkemea.

Lakini aliyesimama alikuwa Mzee Mshamu. "Mwacheni aseme. Kijana, nani kakukataza kusema? Mimi nimeapa nyumba ya Mungu. Mwenye yamini ya kweli haogopi picha. Sema!"

"Mzee, nakuomba sana."

"Sema nimekwambia! Unyamavu wako unanichafua kuliko maneno. Watu watasema nimekuhonga kwa binti yangu. Sema, au kunja karatasi yako utoke na posa yako, na kwangu usikanyage tena!"

Saidy alimtazama. Kisha aliinua macho akatazama pazia, palepale alipokuwa Mwantum, kama anayemwona. Macho yake yalikuwa mekundu. Akainama, akaanza kuikunja picha.

Mwantum aliona. Aliona vidole vyake vinavyoisokota ile karatasi, na akajua mwanaume huyu anamwacha, anamwacha kwa ajili ya mama ambaye hata si wake. Hakuwa amesema uongo, hakuwa amesema kweli, alikuwa amechagua kumpoteza. Na bado hakumwachia mama yake mkono. Alizidi kuubana. Aende, alijisemea, aende zake, nitalia, nitazoea.

Bi Habiba aliuvuta mkono mara moja, kwa nguvu ambazo Mwantum hakuwahi kuzijua, akalipita pazia.

"Baba Mwantum, usimfukuze mtoto wa watu. Mkono wenyewe ni huu."

Aliunyoosha mbele ya wote. Ulikuwa bado na machicha.

"Habiba?" Mzee Mshamu alisema.

Aliwaeleza kwa kifupi, amesimama, hakulia. Kiwiko cha ua, kamba, mstari. Alipomaliza alimgeukia Mzee Bushiri. "Nilidhani wewe ndiye uliyetuibia."

"Mimi?" Mzee Bushiri alijigonga kifua. "Mimi mwizi?"

"Kama ulivyodhani kwa mume wangu."

Mzee Bushiri alisogea mkekani, safari hii akakaa mzima.

Mzee Mshamu alikuwa ameketi tena. "Mwalimu," alisema, na sauti ilikuwa ya mtu aliyezeeka papo hapo. "Yamini yangu. Nini hukumu yake?"

Mzee Abdalah alimsogelea. "Hukujua, Mshamu. Uliapa kwa ulilolijua. Wako wanazuoni wanaosema talaka ya namna hiyo haisimami, ndoa yenu iko palepale. Wako wanaosema vingine. Mimi mwalimu wa madrasa, si kadhi. Ila wazee walitufundisha, mwenye shaka na aondoe shaka. Fungeni ndoa upya."

"Sasa hivi!"

"Taratibu. Ana walii wake, kaka yake Seleman kule delta, Mbuchi. Aulizwe. Na yeye mwenyewe aulizwe, maana si mwali wa kujibu kwa kunyamaza. Mpaka hapo, kwa heri yenu nyote, asilale chini ya dari moja na wewe."

Mzee Mshamu alimgeukia mkewe, kama ni mkewe. Mwantum hakuwahi kumwona baba yake akimwogopa mtu.

"Miaka yote hiyo," alisema. "Umeibebaje yamini hiyo peke yako?"

"Ulivyonitwika ndivyo nilivyoibeba. Ningekurudishia wapi?"

"Nilikuwa na hasira."

"Ulikuwa na hasira ukaapa kwa ndoa yangu. Hukuapa kwa mikorosho yako."

Hapo Mzee Mshamu aliinamisha kichwa, na kofia ikaanguka, asiiokote. "Kweli," alisema. "Nisamehe. Mahari yako unataka nini, Habiba? Lolote."

"Nitoe kwenye nyumba hii. Kijana kasema inashuka, na mimi naamini. Usiku naisikia inavyolia. Sitaolewa humu mara ya pili."

Mzee Mshamu aliitazama nyumba yake, zile boriti alizozikata kwa mkono wake na paa la bati alilolionea fahari kijiji kizima.

"Utatoka," alisema.

Saidy alikuwa bado kashika picha nusu imekunjwa, hajui aifungue au aifunge. Mzee Abdalah alimhurumia. "Na hawa vijana, wazee wangu? Posa imesimama wapi?"

"Kwangu imepita," Mzee Mshamu alisema. "Ila binti yangu hataolewa kabla ya mama yake. Watu watasema nini?"

Nyuma ya pazia Mwantum alijiziba mdomo kwa khanga, hajui kama ni kicheko au kilio, vyote vilimtoka pamoja. Mzee Bushiri alisimama, akajikung'uta kanzu, akatafuta viatu.

"Unakwenda wapi?" Mzee Abdalah alimwuliza.

"Kujiandaa na safari. Kesho alfajiri natafuta mtumbwi wa Mbuchi."

"Kufanya nini?"

"Kumposea Mshamu, huyu mwizi wangu. Nani mwingine atakwenda? Mwanangu nimemchelewesha vya kutosha." Alisita, kisha akamnyooshea Mzee Mshamu mkono, na mkono ule ulipokelewa kwa mikono miwili. "Mama Mwantum na binti na wale wadogo watalala kwangu. Mke wangu Mwanajuma atafurahi kupata watu wa kusema nao, mimi kanichoka."

Basi jioni ile Mwantum aliingia nyumba ya wakwe zake siku ambayo hakuipanga, bila ngoma wala vigelegele, wadogo zake wakitangulia, yeye akibeba furushi la nguo za mama yake na sufuria la kamba waliopikwa nusu. Ua wa minyaa waliupita pale penye uwazi wa barabarani. Saidy alimfuata nyuma akamtua furushi kichwani, na vidole vyao vilipogusana hakuna aliyeharakisha kuvitoa.

"Ungeniacha kweli?" Mwantum alimwuliza kwa sauti ya chini.

"Ningekuacha. Halafu sijui ningeishije."

"Usirudie tena."

"Sirudii, Mwantum."

Baba yake Mwantum alikuwa amewasindikiza mpaka kwenye uwazi huo. Hapo pana kijishimo, na Bi Habiba alipotaka kukivuka, Mzee Mshamu alimnyooshea mkono amshike kama alivyomshika mara elfu. Katikati ya njia alikumbuka. Akaurudisha mkono, akauficha nyuma ya kanzu, akasimama kando mpaka Mwantum alipomvusha mama yake.

"Bi Habiba," alimwita kwa jina na heshima, kama mtu anavyomwita mwanamke asiye wake. "Kaka yako akija kukuuliza, usinikatae."

Mama yake Mwantum alijitanda khanga vizuri, na hakumgeukia.

"Akija kuniuliza nitamjibu yeye," alisema. "Wewe tafuta mafundi."